Riwaya Iliyosomwa Wodi ya Macho

Kwa miaka tisa Karani alikuwa akiandika riwaya moja, na riwaya hiyo ilikuwa imekataliwa mara nne.

Jina la Karani lilitokana na kazi. Alikuwa karani wa mahakama, yule anayekaa mbele ya meza ya hakimu akichukua maneno ya mashahidi na kuyageuza kuwa kumbukumbu rasmi. Shahidi akisema, "Jamaa alinizaba kofi nikaona nyota," Karani aliandika kwamba mlalamikaji alishambuliwa kwa mkono sehemu ya usoni. Miaka kumi na tano ya kazi hiyo ilikuwa imemwingia hadi kwenye damu. Hata ujumbe wa simu kwa mke wake, wa kumwomba apitie sabuni dukani, aliuanza hivi: "Rejea mazungumzo yetu ya asubuhi." Mke wake, mwalimu wa chekechea, alikwisha kumzoea. Alimjibu kwa picha ya sabuni.

Riwaya yenyewe ilikuwa na kurasa mia tatu na kumi na mbili, na kisa chake kilikuwa kizuri. Fundi wa kupaka rangi anaitwa kwenye nyumba kubwa ya watu asiowajua. Anaanza kushusha picha ukutani ili apake, na moja ya picha hizo ni ya mama yake mzazi, akiwa kijana, amevaa gauni ambalo fundi hajawahi kuliona, anacheka. Kilichoharibu mambo ni kwamba picha hiyo ilikuwa ukurasa wa arobaini na moja. Kabla ya hapo jua lilichomoza mara mbili, babu wa fundi alizaliwa, akaoa na kufa, na aina za brashi zilielezwa kwa ukurasa mmoja na nusu.

Wachapishaji watatu walimrudishia barua za aina moja, za kushukuru na kusikitika. Wa nne alifanya hivyo hivyo, ila chini ya barua kulikuwa na mstari mmoja wa kalamu ya risasi: "Kisa kipo. Sauti haipo." Karani aliusoma mstari ule mpaka ukamtoka puani. Sauti gani? Kitabu kinakohoa? Akaufunga mswada kwenye mfuko wa nailoni, akautupa juu ya kabati, na kwa miezi minne hakutaka hata kusikia neno riwaya.

Ndipo jicho la shangazi yake lilipoharibika.

Shangazi huyu alikuwa dada wa marehemu baba yake, na ndiye aliyemlea. Enzi zake alifanya kazi ya kuunganisha simu, zile za kuomba laini, akiwa na vifaa vya kusikilizia masikioni kutwa nzima. Asubuhi moja aliamka akaona kama mtu amevuta pazia jeusi kwenye pembe ya jicho lake la kulia. Daktari alieleza kwamba utando wa nyuma ya jicho, ule unaopokea mwanga, ulikuwa umebanduka. Wakamfanyia upasuaji, wakaurudisha mahali pake, wakaweka kiputo cha gesi ndani ya jicho ili kiukandamize usiondoke tena. Sharti lilikuwa moja: kiputo hupanda juu kila wakati, kwa hiyo ili kibaki nyuma ya jicho, mgonjwa lazima aangalie chini. Siku saba. Kula ukiangalia chini, kulala kifudifudi, kwenda msalani ukiangalia vidole vya miguu.

Karani alipofika wodini saa kumi jioni, saa ya kutazama wagonjwa, alikuta vitanda vinne na migongo minne. Wanawake wote wanne walikuwa wamelala kifudifudi, nyuso zimezama kwenye mito yenye tundu katikati, iliyotokeza nje ya ukingo wa kitanda.

"Shangazi?" aliita, kwa kuwa migongo yote aliiona sawa.

"Nani huyo?" sauti ilitoka chini ya kitanda cha pili.

"Ni mimi."

"Sogea. Ndiyo, naviona viatu. Vimepauka kama mguu wa kuku. Mke wako haoni?"

Karani alicheka, akakaa kwenye kiti, akamuuliza hali. Shangazi alisema hali nzuri, ila amekwisha kuhesabu vigae vyote vya sakafu anavyoweza kuviona, ni ishirini na nane, na kimoja kimepasuka. Hakuna televisheni kwa kuwa hakuna wa kuitazama. Redio ya wodi imekufa.

"Nisomee kitu, baba, nisije nikachanganyikiwa hapa."

"Nikuletee gazeti?"

"Gazeti la nini, habari mbaya ninazo za kunitosha. Lete ile hadithi yako. Ile unayoificha kama magendo."

"Shangazi, ile ilikataliwa."

"Mimi ni mgonjwa. Siwezi kukataa kitu."

Kesho yake Karani alikuja na mfuko wa nailoni. Alikuwa amefunga tai, kama siku ya usaili. Akakaa kitini, akakohoa, akaanza: "Ilikuwa ni majira ya alfajiri, ambapo jua lilikuwa likijitokeza taratibu upande wa mashariki, hali iliyosababisha mandhari kuwa na mvuto wa aina yake."

"Sauti yako inapita juu ya migongo," Shangazi alimkatiza. "Kaa chini."

Basi Karani, mtumishi wa mahakama, akakaa sakafuni na tai yake, miguu ameikunja, katikati ya vitanda. Akaendelea. Alisoma kuhusu jua. Alisoma kuhusu babu. Alipofika kwenye brashi, koromo lilipanda kutoka kitanda cha tatu, koromo nene, la mtu aliyeshiba usingizi. Huyo alikuwa Mpishi, mama mnene aliyepikia shule moja ya bweni miaka ishirini.

Kisha kikaja kicheko chembamba kutoka kitanda cha kwanza. Huyo waliyemwita Mwamuzi alikuwa mwamuzi wa mpira wa pete, na mpira ndio ulioligonga jicho lake. "Samahani, Karani," alisema, "naomba kuuliza. Mechi imeanza, au bado mnapasha misuli?"

Karani aliona masikio yakiwaka moto. "Bado kuna sehemu nzuri mbele," alisema.

"Mbele wapi?"

"Ukurasa wa arobaini na moja."

"Basi tupeleke huko huko moja kwa moja," Mwamuzi alisema. "Sisi ni wagonjwa, hatuna uhakika wa kufika."

Shangazi hakumtetea. Karani akafunua kurasa kwa hasira, zote arobaini kwa mkupuo mmoja, akasoma pale fundi anapopanda ngazi, anashusha picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ile ya nne inabaki mikononi mwake kwa sababu aliyemo ndani yake ni mama yake.

Koromo likakatika. Karani aliinua macho kutoka kwenye karatasi, na alichokiona hakukisahau maisha yake yote. Vichwa vinne vilikuwa vimeinuka kutoka kwenye mito, vinne kwa pamoja, visogo vikimwelekea, kama watu walioitwa majina yao.

"Mama yake?" alisema Mpishi, sauti bado ina usingizi. "Mama yake anafanya nini pale?"

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. "Vichwa chini!" nesi alipiga kelele. "Nyote! Mnataka kupofuka? Na wewe, unawasomea nini wagonjwa wangu?"

Vichwa vikashuka. Lakini Mwamuzi, uso umezama kwenye mto, alisema maneno ambayo kwa Karani yalikuwa matamu kuliko barua yoyote ya mchapishaji: "Kesho usichelewe."

Hakuchelewa. Saa tisa na dakika hamsini alikuwa mlangoni na mfuko wake, amevua tai na kuitia mfukoni. Aliketi sakafuni bila kuambiwa, akaanzia pale pale kwenye picha. Fundi anamuuliza mama mwenye nyumba kuhusu mwanamke yule. Karani akasoma: "Mwenye nyumba akamjibu kwa kumfahamisha kwamba hakuwa na taarifa zozote kuhusiana na picha tajwa."

Kitanda cha Mpishi kilianza kutikisika. Mwanzoni Karani alidhani mama wa watu amepatwa na kifafa. Kumbe anacheka. "Picha tajwa!" alisema, akishindwa kuvuta pumzi. "Jamani, jicho langu! Picha tajwa!"

"Simamisha," Shangazi alisema. "Yule mama alisemaje?"

"Ndiyo hivyo, alimfahamisha kwamba..."

"Siyo hivyo. Sikiliza, mwanangu. Nimekaa miaka thelathini nikisikia watu wanavyozungumza kwenye simu. Nimesikia wachumba, nimesikia waliofiwa, nimesikia wezi. Hakuna hata mmoja aliyesema tajwa. Weka karatasi chini. Niambie mimi, mama yule alisemaje?"

Karani akaweka karatasi chini. Akafumba macho. Akamwona mama mwenye nyumba amesimama mlangoni na kanga begani, amechoka, anataka rangi imalizike mapema.

"Alisema," akaanza polepole, "'Picha gani? Aa, hiyo. Hiyo niliikuta nilipoolewa. Iweke tu kule nyuma ya mlango, na uangalie usinidondoshee rangi kwenye zulia langu.'"

 Chupa ya maji iliviringika chini ya kitanda na hakuna aliyeijali.

"Anamjua," Mpishi alisema hatimaye.

"Anamjua vizuri sana," Mwamuzi alidakia. "Asiyejua angeitazama picha kwanza. Huyu amekimbilia zulia. Kadi nyekundu!"

"Hayo uliyosema sasa hivi," Shangazi aliuliza, "yameandikwa hapo?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

  Jibu lilimjia Karani kwa kasi kiasi kwamba hakuweza kulishika. Kwa miaka kumi na tano alikuwa amelipwa kuwanyang'anya watu sauti zao na kuwavalisha suti ya serikali. Akienda nyumbani kuandika hadithi, alikuwa akiwafanyia watu wake mwenyewe jambo lile lile. Kisa kipo, sauti haipo! Sasa alielewa.  Alitamani kuondoka mbio wakati huo huo akaandike, na alitamani pia akae pale sakafuni wasiache kumwuliza maswali.

Alirudi nyumbani kwa miguu ingawa ni mbali, kwa sababu asingeweza kukaa kitako. Njiani aliwazungumzisha watu wake wote kwa sauti, fundi, mama mwenye nyumba, dada wa fundi, mpaka muuza vocha mmoja akamuuliza kama amepotea.

"Nimefika!" Karani alimjibu, akapita.

Mke wake alimkuta mezani, akichana kurasa arobaini za mwanzo na kuzirundika.

"Unafanya nini?"

"Nazitupa. Kitabu kinaanza na picha."

Mke wake akakaa. Akazitazama zile karatasi, akamtazama yeye, akajikuna shingo. "Naomba nikuambie kitu usikasirike," alisema. "Miaka yote hii nilipokuambia kitabu ni kizuri, nilikuwa nimeishia ukurasa wa kumi na mbili."

"Kumi na mbili?"

"Babu alikuwa hajaoa."

Siku nyingine Karani angenuna wiki nzima. Siku hiyo alicheka mpaka machozi yakamtoka, akambusu mke wake kwenye paji la uso, akamwambia amletee daftari la watoto wa chekechea lisilo na kazi, maana karatasi zake hazitatosha.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Mtu aliyetumia miaka tisa kwa riwaya moja alianza kuandika sura moja kila siku, kwa sababu kila siku saa kumi kulikuwa na watu wanne wanaomngoja. Aliamka alfajiri akaandika kabla ya chai. Saa ya chakula cha mchana alijifungia kwenye chumba cha majalada, kati ya kesi za mashamba na kesi za talaka, akaandika ameegemea rafu. Na mahakamani, ambako zamani alisikia maana tu, sasa alisikia namna watu wanavyosema. Alisikia kwamba mwongo hurudia swali kabla ya kulijibu. Alisikia kwamba mtu mwenye uchungu husema mambo madogo, habari za funguo na za viatu. Siri za watu hakuzichukua, hata moja. Alichoiba ni mwendo wa maneno yao.

Wodi nayo ilimpa alichokuwa hana, yaani kipimo. Wakinyamaza kwa kusikiliza, aliweka alama ya vema pembeni ya ukurasa. Wakianza kujigeuzageuza na kuulizana habari za uji, aliweka msalaba, na kesho yake sehemu hiyo ilikuwa imekatwa. Alijifunza kwamba sentensi anayoipenda kuliko zote ndiyo mara nyingi inayomlaza Mpishi. Iliuma. Aliikata hata hivyo.

Nesi mwenyewe, yule wa vichwa chini, alianza kupata kazi nyingi za kufanya kwenye wodi ile kila ifikapo saa kumi. Alikunja mashuka yaliyokwisha kukunjwa.

Siku ya sita Karani alisoma sura iliyomtia wasiwasi. Fundi sasa ana hakika kwamba picha ni ya mama yake, na kwamba mama mwenye nyumba anaficha jambo. Lakini haulizi. Anapaka rangi chumba kizima, kuta nne, anapiga msasa pembe za madirisha, anakunja magazeti ya sakafuni. Anapomaliza ndipo anageuka na kuuliza.

"Anapoteza muda!" Mwamuzi alilalamika. "Kwa nini asiulize? Ningekuwa mimi ningepuliza filimbi zamani."

"Hata mimi sikuipenda hapo," alisema Mpishi. "Mtu amemwona mama yake halafu anapiga msasa?"

Karani alikuwa ameshika kalamu, tayari kuchora msalaba, pale sauti ambayo hajawahi kuisikia ilipotoka kitanda cha nne, cha ukutani. Mwanamke aliyelala pale hakuwa amesema neno tangu siku ya kwanza. Walimwita Mkimya, na wengine walidhani ni bubu.

"Muacheni," Mkimya alisema. "Mimi nililetewa barua ya majibu ya hospitali. Nilikaa nayo siku tatu sijaifungua. Nilifua nguo za nyumba nzima, mpaka mapazia. Akiuliza atajibiwa. Anajipa muda wa kuwa mtu ambaye bado hajajibiwa."

 Nesi alikuwa amesimama na shuka mkononi. Karani aliandika maneno yale pembeni ya ukurasa, na badala ya msalaba aliweka vema mbili.

Siku ya saba daktari alipita na taa yake ndogo, akawaruhusu mmoja mmoja. Riwaya ilikuwa bado haijafika mwisho. Mwamuzi, tangu jana yake, uso kwenye mto, alikuwa amekwisha kumwapisha Karani mbele ya mashahidi kwamba akiimaliza watapata habari, la sivyo watamfuata mahakamani na mabango.

Ilimchukua miezi miwili. Aliandika upya kila sura tangu mwanzo, akaisoma kwa sauti, jikoni, bafuni, na kila Jumapili kwa Shangazi, ambaye sasa alikuwa na haki ya kumtazama usoni lakini alifumba macho ili asikie vizuri. Kurasa mia tatu na kumi na mbili zikawa mia moja na tisini. Akaupeleka mswada kwa yule mchapishaji wa nne, na barua ya mistari mitatu: mliniambia sauti haipo, mlikuwa sahihi, tafadhali sikilizeni sasa.

Wiki saba kimya. Wiki ya nane, siku ya Jumanne, shauri likiendelea, simu ya Karani ilianza kutetemeka juu ya meza ya mbao, ikatembea yenyewe mpaka ukingoni. Hakimu alimtazama juu ya miwani. Karani aliidaka simu, akaikalia. Ikatetemeka chini yake. Shahidi alikuwa akieleza habari za mbuzi aliyepotea, na Karani, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, alikosea kuandika rangi ya mbuzi.

Mahakama ilipopumzika alitoka mbio kwenye ukumbi, akapiga namba ile.

"Mimi ni mhariri," alisema mwanamke upande wa pili. "Wewe ndiye uliyeleta ile ya mwanzo? Ya jua?"

"Ndiye mimi."

"Umepatwa na nini?"

"Wodi ya macho," Karani alisema, na hakujua aeleze vipi zaidi.

Mhariri akacheka. "Niliuchukua mswada wako jana saa nne niusome kurasa tano ninywe chai. Chai nimeikuta leo asubuhi, imepoa, sijaigusa. Njoo ofisini."

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Miswada ilijaa kila mahali, juu ya viti, chini ya meza, dirishani. Mhariri alikuwa mwanamke mfupi, kalamu ya risasi ameichomeka kwenye nywele, na hakupoteza muda. Alisema wataichapa. Alisema hivyo kwa haraka, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, kisha akafungua mswada na kuanza kuonyesha mahali pa kurekebisha. Karani hakusikia dakika mbili za kwanza. Neno "tutaichapa" lilikuwa bado linazunguka kichwani mwake kama nyuki ndani ya chupa.

Alikubali kufuta barua ndefu ya dada wa fundi. Alikubali kumtoa babu, aliyekuwa amejipenyeza tena sura ya tisa. Alikubali hata jina la kitabu libadilishwe. Kisha mhariri akafika kwenye sura ya kuta nne.

"Hii iondoke yote," alisema. "Msomaji anataka jibu, wewe unampa msasa."

Zamani Karani angesema ndiyo mama, asante mama.  "Hii hapana," alisema.

Mhariri akaiondoa kalamu kwenye nywele. "Kwa nini?"

"Naomba nikusomee."

"Nimekwisha kuisoma."

"Umeisoma kwa macho. Naomba uisikie."

Akasoma. Alianza kwa sauti ndogo, kisha akasahau kwamba yuko ofisini. Alisoma rangi ikishuka ukutani, fundi akiuzunguka mlango ambao nyuma yake picha imeegeshwa, kila ukuta ukimalizika, na swali likizidi kukaribia. Alipofika fundi anapokunja gazeti la mwisho na kugeuka, aliona mhariri ameegemea mbele, viwiko vyote viwili mezani, anangoja.

"Endelea," mhariri alisema.

"Sura imeishia hapo."

"Shetani wewe," mhariri alisema, akarudisha kalamu kwenye nywele. "Inabaki. Ila nilikuwa naisoma haraka mno. Tutaigawa aya, msomaji apunguze mwendo."

Karani alishuka ngazi za ofisi ile bila kuzigusa, au ndivyo ilivyoonekana kwake. Mbele ya duka la magodoro alimpigia mke wake, ambaye alikuwa darasani. Mke wake alipiga kelele, na watoto thelathini wa chekechea, ambao hawakujua kuna nini, wakapiga kelele pia kumuunga mkono, na kelele hiyo ilitoka kwenye simu mpaka wauza magodoro wakageuka. Kisha akampigia Shangazi.

"Wamekubali," alisema.

 "Sema tena," Shangazi alisema. "Nataka kuisikia sauti yako ukisema."

Akasema tena. Akasema mara tatu.

Kitabu kilitoka baada ya miezi kumi. Karani aliomba ruhusa kazini akaenda kiwandani kukiona kikichapwa. Alisimama kwenye kelele za mashine, harufu ya wino ikimkaa kooni, akitazama karatasi kubwa zikitoka zimejaa maneno yake, zikikunjwa, zikikatwa. Fundi mitambo alimpa nakala ya kwanza, bado ina joto. Mahakamani neno jalada lilikuwa na maana ya kesi za watu wengine. Jalada hili, la kitabu, lilikuwa lake. Aliligusa kwa kidole, akalipindua, akasoma nyuma, akalipindua tena.

Siku ya uzinduzi, kwenye ukumbi wa maktaba, kulitokea fedheha moja ya kuchekesha. Wanawake watatu walimjia wakicheka, na Karani akawapa mkono kwa adabu, habari zenu akina mama, karibuni sana, maana hakuwajua. Hakuwahi kuziona nyuso zao hata siku moja. "Mechi imeanza, au bado mnapasha?" mmoja wao aliuliza. Karani akapiga ukelele mbele ya watu wazima, akawakumbatia wote kwa pamoja, na Mkimya, aliyekuwa na vishimo viwili mashavuni ambavyo hakuna aliyevijua, akamwomba amwandikie jina kwenye kitabu chake. Alikuwa amenunua viwili.

Wiki tatu baadaye, jioni, Karani akiwa nyumbani anamenya viazi, simu ililia. Namba ngeni.

"Wewe ndiye mwandishi?" sauti ya mwanamume iliuliza, nzito, ya mtu mwenye kesi.

Ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa hivyo na mtu asiyemjua. "Ndiye mimi," alisema.

"Mimi ni fundi rangi, mwaka wa ishirini na sita huu. Kitabu chako nimekisoma siku mbili, nimechelewa kazini kwa ajili yako. Sasa ukurasa wa sitini na tatu umeandika kwamba fundi alitumia rangi ya mafuta, halafu akaosha brashi kwa maji. Kwa maji! Brashi hiyo imekufa! Mwanangu ananicheka, ananiambia baba, kumbe kwa maji inawezekana."

"Samahani sana," Karani alisema, huku uso wote ukitabasamu. Aliacha viazi, akavuta daftari. "Inaoshwa kwa nini?"

"Tapetaini! Ukikosa, mafuta ya taa. Na usiiegeshe kwenye kopo kichwa chini, inapinda kama mkia."

"Kichwa chini inapinda," Karani alirudia, akiandika. "Na rangi ya maji je? Na ukuta ukiwa na unyevu?"

Fundi alieleza habari za unyevu. Kutoka kwenye unyevu aliingia kwenye nyumba moja aliyoipaka mwaka juzi, ambako wenye nyumba, mtu na mke wake, walikuwa hawasemeshani, kila mmoja akimtuma yeye kwa mwenzake: mwambie huyo anataka kijani, mwambie huyo kijani hapana. Wiki nzima. Mpaka akajua mambo yao yote.

"Ngoja," Karani alisema. "Mke alisemaje hasa? Kwa maneno yake."

"Unaandika haya?"

"Naandika."

Upande wa pili kulisikika kishindo cha mtu anayevuta kiti. "Basi subiri nizime jiko," fundi alisema, "maana hii ni ndefu." Na Karani, kalamu mkononi, akafungua ukurasa mpya.